Vybz Kartel: Maarufu, Sawa. Lakini Ni Mkubwa?

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wapenzi wa dancehall, muziki wa kughani wa Jamaika, kabla ya kikao cha kusikiliza santuri. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu zangu, vijana kwa wazee, na hasa nyinyi wazee mnaomkumbuka Yellowman akitamba: asanteni kwa kuja. Naona wa Gaza, mashabiki wa Vybz Kartel, wamekaa kushoto na wa Gully, mashabiki wa mpinzani wake Mavado, wamekaa kulia, na katikati pameachwa viti vitupu kama mpaka wa nchi mbili. Haya. Tutaelewana tu.

Swali lililotuleta ni fupi. Vybz Kartel, mwimbaji huyu wa dancehall, anastahili kuitwa mkubwa?

Sikuuliza kama ni maarufu. Umaarufu wake hauna mshindani wa kuubisha. Sikuuliza kama ni mtu mwema. Hilo tutalifikia, na halitatupa raha. Nimeuliza kama ni mkubwa, kwa maana ile ile tunayomwita mkubwa U-Roy, Yellowman, Shabba Ranks, Buju Banton.

Kwanza tuondoe mezani vipimo vya uongo. Kuna anayesema, "Hana Grammy." Ni kweli, hana. Aliteuliwa kwa tuzo za mwaka 2025 akaikosa. Lakini Grammy ilipimaje dancehall? Shabba alipata mwaka 1992 na tena 1993. Beenie Man 2001. Sean Paul 2004. Wote hao walipewa chini ya kapu moja linaloitwa reggae, na wapiga kura wengi hawajawahi kusimama mbele ya ukuta wa spika Kingston usiku wa manane. Na Ninjaman je? Grammy hana hata moja. Jaribu kusimulia historia ya mipambano ya Jamaika, ya waimbaji kutupiana maneno jukwaani, bila kumtaja Ninjaman, uone kama utafika mbali.

Wengine wanasema, "Alijaza uwanja." Alijaza, ndiyo. Tarehe 31 Desemba 2024, Uwanja wa Taifa wa Kingston, tamasha lake la kwanza baada ya miaka 13 kizuizini. Lakini Machi 2019 Buju Banton aliujaza uwanja huo huo, naye akiwa ametoka gerezani Marekani miezi michache tu kabla. Uwanja ukijaa unakuonyesha watu wamemkumbuka mtu kiasi gani. Ufundi wake hauonekani kwenye viti.

Basi tunapima kwa nini? Tunapima kwa mizani ya dancehall yenyewe. Muziki huu una mizani zake, tena kali kuliko za muziki mwingi mwingine.

Mizani ya kwanza ni ridimu.

Sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwenye dancehall ya asili, mdundo si mali ya mwimbaji mmoja. Prodyuza anatengeneza ridimu moja, anaipa jina, kisha wanapita madijei kumi, ishirini, kila mmoja anaghani wimbo wake juu ya mdundo ule ule. Na dijei kwa Jamaika ni yule anayeghani. Anayecheza santuri ni selekta. Tusichanganye. Sasa niambieni, ni muziki gani mwingine duniani unaokupa mtihani wa haki namna hii? Swali moja, wanafunzi ishirini, karatasi zimewekwa juu ya meza moja.

Tufanye zoezi. Hesabuni moja hadi nane, mwendo mmoja, msikimbie. Pigeni kofi kwenye moja, kwenye nne na kwenye saba. Tena. Moja, nne, saba. Tatu, tatu, mbili. Huo ndio uti wa mgongo wa dancehall nyingi tangu miaka ya mwisho ya 1980, ndio ulioingia kwenye reggaeton, na ndio unaoutikisa mguu wako kabla akili haijajua kuna wimbo. Dijei mzuri anajua kofi ziko wapi. Dijei mkubwa anajua aziache lini.

Mnaijua habari ya Sleng Teng? Casio ilitoa kinanda kidogo, MT-40, mwaka 1981. Ndani yake mlikuwa na midundo iliyopangwa kiwandani, na mmoja wao ulitungwa na mwajiriwa kijana wa Kijapani, Okuda Hiroko. Kinanda kikafika Kingston, mikononi mwa Noel Davey na Wayne Smith. Wakaubonyeza ule mdundo, wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy, naye akaupunguza mwendo mpaka besi ikawa inatembea kama mtu mwenye mzigo. Februari 1985, kwenye mpambano na saundi ya Black Scorpio, yaani kundi lenye spika na selekta wake, Jammy akauachia. Mpambano uliishia pale. Tangu siku hiyo mamia ya watu wameghani juu ya Sleng Teng. Wangapi mnawakumbuka kwa jina? Wachache! Mdundo ulikuwa mmoja, kinanda kile kile. Aliyebaki kichwani mwako ndiye aliyefaulu mtihani.

Kwa hiyo ukitaka kumpima dijei yeyote, fanya hivi. Chagua ridimu moja, tafuta nyimbo nne au tano zilizowekwa juu yake. Sikiliza kwanza ala tupu mara mbili; kwenye santuri za zamani ziko upande wa pili. Halafu sikiliza mwanzo tu wa kila wimbo, hizo sekunde 20 za kwanza, na uandike sauti imeingia wapi: juu ya pigo, kabla yake, au nyuma yake. Zungusha tena ukifuata maneno. Kisha zima. Lala. Asubuhi, ule unaojikuta ukiunung'unika ukiwa unapiga mswaki, andika jina lake.

Makosa mawili yanaharibu zoezi hili. Kosa moja ni kusikilizia spika ya simu. Spika ndogo haitoi besi, na dancehall bila besi ni nusu ya mazungumzo. Utamwona dijei anayumba kumbe anajibizana na kitu usichokisikia. Kosa la pili ni kutazama video. Ukitazama unapima nguo, magari na wacheza densi. Funga macho.

Sasa, Kartel kwenye mizani hii? Nitakuwa mkweli: ni vigumu kumpima kama tunavyowapima wa miaka ya 1990, kwa sababu kadiri enzi yake ilivyoendelea maprodyuza walizidi kutengeneza mdundo wa mtu mmoja kwa wimbo mmoja. Lakini alituachia mtihani wa ajabu. Mwaka 2008 Ne-Yo wa Marekani alitoa Miss Independent, mdundo wa Stargate, laini kama pamba. Kartel akauchukua mdundo ule, akamwita dijei wa kike Spice, wakaweka juu yake Romping Shop. Ala ni ile ile! Ne-Yo anaivuta sauti ndefu, anamsifia mwanamke kwa upole. Kartel na Spice wanaikatakata ile ala vipande vifupi, mwanamume anatupa neno, mwanamke analirudisha likiwa na moto zaidi, na pale Ne-Yo alipoacha nafasi ya kuvuta pumzi, wao wanapaziba kwa kichekesho. Ni wimbo mchafu? Mchafu sana. Februari 2009 Tume ya Utangazaji ya Jamaika ilizipiga marufuku redioni nyimbo za namna hiyo, hata zile zilizofunikwa maneno kwa mlio. Na wenye haki za ule mdundo nao walilalamika. Mimi nazungumzia ufundi tu. Chukueni nyimbo zile mbili mzipange, mtasikia dijei anayejua kazi.

Mizani ya pili ni kalamu, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mtu huyu alipo hasa.

Mwaka 1993 kijana mmoja anayeitwa Adidja Palmer, wa Waterford, Portmore, alirekodi kibao chake cha kwanza akijiita Adi Banton. Kwa nini Banton? Kwa sababu ya Buju, ambaye kila kijana alitaka kuwa yeye. Hakikuenda popote. Baadaye akawa mmoja wa kundi la watu watatu lililoitwa Vybz Cartel. Kundi likavunjika, yeye akabaki na jina. Halafu alifanya nini? Alikaa chini ya kivuli cha dijei Bounty Killer, akamwandikia nyimbo.

Mnaelewa uzito wa hilo? Kumwandikia Bounty Killer si kama kujiandikia. Bounty ana sauti nzito, hasira ya kweli, na maneno yake lazima yapige kama nyundo. Mwandishi lazima avue koti lake avae la mwenzake. Huko ndiko Kartel alikopata kitu ambacho wenzake wengi hawana: uwezo wa kuwa watu wengi. Sikilizeni Thank You Jah, mtu anayeshukuru kwa kuamka hai katikati ya dhiki. Sikilizeni Summer Time ya 2011, wimbo wa jua na starehe, hauna hata kijisu. Sikilizeni Fever ya 2016, mapenzi. Halafu nyimbo za bunduki, ambazo ni nyingi, na baadhi zinatisha kwa jinsi zilivyoandikwa vizuri. Ni kalamu moja.

Na Clarks! Mwaka 2010, yeye na Popcaan na Gaza Slim, wimbo mzima kuhusu viatu vya Kiingereza. Wajamaika walivipenda Clarks tangu zamani, na madijei wa miaka ya 1980 walishaviimba. Kwa hiyo hakugundua kitu. Alichofanya ni kuingia kwenye mambo madogo: aina ya kiatu, ngozi yake, namna ya kukisafisha kwa mswaki. Mswaki, jamani! Mtu wa kawaida angeimba "nina viatu vizuri" akaishia hapo. Kartel anakuambia unavitunzaje. Baada ya wimbo ule viatu viligombewa Kingston na bei ikapanda. Wanaofundisha uandishi wanahangaika miaka kumweleza mwanafunzi kwamba jambo dogo lililo sahihi lina nguvu kuliko neno kubwa. Wampe Clarks.

Kuna jambo la lugha pia. Lugha rasmi ya Jamaika ni Kiingereza, lakini lugha ya watu ni Patwa, na kwa muda mrefu Patwa ilihesabiwa ni Kiingereza kilichovunjika. Machi 2011 Profesa Carolyn Cooper alimwalika Kartel Chuo Kikuu cha West Indies, Mona, atoe mhadhara. Wengine walikasirika: huyu, chuoni? Umati ukafurika. Mashabiki wake walikuwa wakimwita Mwalimu tangu kabla ya hapo, kwa utani na si kwa utani. Ukipenda usipende, ni wachache wa kizazi chake waliofanya Patwa ionekane lugha ya mtu mwerevu kuliko yeye.

Sasa wa Gaza msishangilie mapema. Inakuja mizani ya tatu, jukwaa, na hapa mtaumia.

Dancehall ilizaliwa mbele ya watu. Mchezo wenyewe ni huu: dijei anaghani, watu wakiridhika wanapiga honi, wanagonga mabati, wanapiga kelele selekta arudishe wimbo mwanzo. Wasiporidhika, kwenye Sting, tamasha maarufu la mipambano, chupa zimewahi kuruka. Kwenye mpambano hakuna mhariri wa kukusaidia. Unahitaji pumzi, kumbukumbu, na uwezo wa kumjibu mwenzako kwa jambo alilolisema dakika moja iliyopita. Anayekuja na maneno aliyoyakariri nyumbani huanguka, kwa sababu mpinzani hakuja kuigiza tamthilia yako.

Desemba 2003, Sting, Jamworld, Portmore, yaani nyumbani kwake kabisa. Kartel alipanda kupambana na Ninjaman, mzee wa kazi. Mnajua yaliyotokea. Maneno yaligeuka ngumi palepale jukwaani. Baadaye Kartel aliomba radhi hadharani. Lakini kwa mizani yetu, mpambano ukiishia kwenye ngumi, aliyerusha ngumi amekiri kwamba maneno yamemwishia.

Linganisheni na Mei 2020. Beenie Man na Bounty Killer, maadui tangu mpambano wao wa Sting 1993, walikutana kwenye Verzuz, kipindi cha mtandaoni cha wanamuziki wawili kushindanisha nyimbo, chumba kimoja Kingston, dunia ikiwatazama kwenye intaneti. Hawakukaa wakicheza nyimbo zao kutoka kwenye kompyuta kama wengine walivyofanya kwenye vipindi hivyo. Walishika vipaza sauti, wakaghani, mmoja akirusha wimbo mwingine anaudaka juu ya ridimu ile ile. Polisi walipofika kati ya kipindi, Beenie Man aliwaambia kwa maneno mawili matatu kwamba watu wengi wanawatazama, kisha kazi ikaendelea. Miaka 27 ya mipambano ilikuwa ndani ya miili yao. Kartel hana usiku wa namna hiyo. Kifungo kilimnyima miaka yake bora ya jukwaa, hilo nakubali. Lakini hata kabla ya 2011, nguvu yake ilikuwa studio, usiku, na karatasi.

Ndiyo maana ugomvi wa taji unachosha. Beenie Man alijiita Mfalme wa Dancehall miaka mingi. Mwaka 2016 Kartel akatoa albamu yenye jina hilo hilo. Watu wakatukanana mpaka leo! Wanagombania kiti kimoja wakati kazi ni mbili tofauti.

Sasa lile lisilo na raha.

Kuna watakaosema: uliyemsifu ana mambo. Ndiyo, anayo, na tuyaseme kwa usahihi kwa sababu yanapotoshwa pande zote. Alikamatwa Septemba 2011. Machi 2014 alikutwa na hatia ya mauaji, akahukumiwa kifungo cha maisha. Machi 2024 Baraza la Faragha la London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya Jamaika, lilifuta hukumu ile, kwa sababu mjumbe mmoja wa baraza la wazee wa mahakama alidaiwa kujaribu kuwahonga wenzake na kesi ikaachwa iendelee na wajumbe wale wale. Julai 31 mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaamua kesi isisikilizwe upya. Akatoka. Hayo ndiyo yaliyopo. Anayesema "mahakama ilimsafisha" anaongeza chumvi, na anayesema "muuaji" anasema jambo ambalo hukumu yake imefutwa. Na kuna familia iliyompoteza mtu. Wao hatuwapigii kura humu.

Lakini yapo yasiyohitaji mahakama. Ugomvi wa Gaza na Gully, kati yake na Mavado, ulitoka kwenye santuri ukaingia kwenye kuta za mitaa na mabweni na madarasa. Wanafunzi walipigana kwa majina ya waimbaji. Desemba 2009 Waziri Mkuu Bruce Golding aliwaita wote wawili ili uishe. Waziri Mkuu! Kujichubua ngozi alikutetea hadharani, akaimba kuhusu sabuni, akauza bidhaa, akiwa anajua kabisa wanaomsikiliza ni watoto weusi wa mitaa maskini. Mtu mwenye kalamu ile hawezi kujitetea kwamba hakujua maneno yana nguvu. Kama Clarks ilipandisha bei ya kiatu, wimbo wa bunduki nao unafanya kazi. Huwezi kuchukua sifa ya kimoja ukakikana kingine. Kwangu mimi hilo halimpunguzii ukubwa, linauongezea deni.

Upande wa pili wa daftari lile lile: Portmore Empire, kundi la waimbaji aliowalea Kartel. Popcaan alitoka pale, na wengine kadhaa. Mwaka 2014 Popcaan alitoa albamu yake Where We Come From, na hamkusikia Kartel mdogo. Mlisikia mtu mwingine, mwenye huzuni na melodi yake. Mwalimu anayetoa wanafunzi wanaofanana naye ana kiwanda. Huyu alitoa angalau mmoja asiyefanana naye.

Wakati nao ni mizani, ila nitaupitia haraka. Sister Nancy aliimba Bam Bam mwaka 1982 juu ya ridimu ya Stalag, iliyokuwa tayari na miaka kadhaa. Kwa zaidi ya miaka 30 hakulipwa stahiki yake, na bado wimbo uliendelea kutembea, mpaka Kanye West na Jay-Z wakauchukua 2016 na 2017. Romping Shop ina miaka kumi na kitu tu. Tukutane 2050.

Basi jibu langu, kabla hamjaanza kurusha viti. Kalamu: mkubwa, na katika kizazi chake simwoni wa kumzidi. Ridimu: hodari sana, ingawa mtihani wenyewe ulibadilika mikononi mwake. Jukwaa: hapana, na msinibembeleze. Nikiulizwa kwa neno moja, nasema ndiyo, ni mkubwa, mkubwa wa kuandika; na Mfalme abaki Beenie Man, kwa sababu taji la dancehall huvaliwa mbele ya watu.

Wa Gully mnanuna, wa Gaza mnanuna. Vizuri. Spika zimeshawaka, besi imepimwa, na simu zote naomba ziingie mfukoni. Tunaanza na Stalag ikiwa ala tupu, mara mbili, bila mtu kusema neno. Selekta, weka.